Nyumba Niliyoifuta

Kwaru, kwaru, kwaru. Huo ni wembe juu ya karatasi ya kunakilia ramani. Mpaka leo mtu akikwangua ukoko jikoni, mkono wangu wa kulia unashtuka, kama umeitwa.

Sisi wanakili hatukuwa na namna nyingine ya kufuta. Wino ukikaukia pasipo pake, unavunja wembe katikati, unashika nusu, unakwangua polepole mpaka weusi utoke. Halafu unapasugua kwa ukucha, vinginevyo karatasi itakunywa wino wako na mstari utavimba kama mshipa. Ukiwa na haraka unatoboa. Ukitoboa, kazi ya siku tatu unaianza upya, na Bwana Salehe anapita nyuma yako bila kusema neno. Ni heri angesema.

Ninyi wanangu mnaojifunza kuchora majengo siku hizi, mnabonyeza kitu na mstari unaondoka wenyewe. Siwaonei wivu, au labda kidogo tu. Lakini kuna nyumba moja niliifuta kwa mkono wangu huu, kwa raba ya kawaida, na haijaondoka. Ndiyo iliyonifanya nishike kalamu niwaandikie.

Nilianza kazi Kasulu nikiwa na miaka kumi na tisa. Elimu yangu darasa la saba, mwandiko mzuri, basi. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wanahamia vijiji vya pamoja, na kila kijiji kilihitaji shule, zahanati, ghala na nyumba za watumishi. Ramani zote hizo zilipita ofisini kwetu, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Bwana Salehe alikuwa mchoraji mkuu, mtu wa Tanga, mrefu, kofia yake ya kudarizi haikuwahi kukaa upande. Yeye anachora kwa penseli, mimi natandika karatasi ya kunakilia juu yake na kupita na wino. Kazi ya mnakili si kufikiri, aliniambia siku ya kwanza, ni kupita pale pale mwenzio alipopita.

Kutofikiri kulinishinda. Nikinakili zahanati, tayari namwona mama amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, namwona muuguzi anachungulia dirishani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Niliamini nyumba yoyote nikiipitia vizuri kwa wino, watakaokaa ndani watapatana.

Siku moja, katika ndoto hizo, niligeuza karatasi upande usio wake. Karatasi ile ni angavu, usipoangalia maandishi huwezi kujua. Shule nzima ikageuka kama kwenye kioo, na vyoo vikahamia upande upepo unapotokea. Wakajenga hivyo hivyo. Mwalimu mkuu alituandikia barua fupi: "Tumepokea shule yenu pamoja na harufu yake." Bwana Salehe aliibandika mbele ya meza yangu ikakaa mwaka mzima. Tangu hapo, kabla sijachovya kalamu, naandika neno SAWA kwa penseli pembeni. Nikiliona limegeuka, najua nami nimegeuka. Hilo lichukueni, halina gharama.

Na poda. Karatasi ikiwa na mafuta ya vidole wino unakimbia, basi unaipaka poda ya mtoto na kuifuta kwa kitambaa kikavu. Na asubuhi za Kasulu, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba, msijisumbue kuchapa nakala. Sisi tulichapa kwa jua, lipenye ile karatasi angavu na kuacha mistari kwenye karatasi ya dawa chini yake. Tulikuwa tunakaa mlangoni na fremu ya kioo, tunangoja saa tano kama watu wanaongoja basi.

Sasa nije kwenye darasa.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na chumba kingine, Darasa la Ramani. Kila mwaka vijana kumi walichukuliwa kujifunza kuchora majengo kwa miaka miwili, na Bwana Salehe ndiye mwalimu wao. Walikuwa vijana wazuri, sina neno nao. Ila walikuwa watoto wa watumishi walioletwa kutoka mikoa mingine, na watoto wa wenye maduka pale mjini. Kijana wa Kiha kutoka kijijini sikumwona humo, na watoto wa Warundi waliovuka mpaka kwa kukimbia mauaji, ndiyo kabisa. Hakuna aliyewakataza. Tangazo lilibandikwa wazi, na fomu zilifika mpaka Kibondo. Walikuja, wakafanya mtihani, wakarudi makwao.

Mtihani wenyewe ulikuwa swali moja, Bwana Salehe alilitoa kwenye kitabu alichosomea yeye: Chora nyumba ya familia. Unapewa penseli, rula ya T na pembetatu mbili. Bikari ilikuwa moja tu ofisini, nayo ilikaa kwenye droo yake, imefungwa kwa ufunguo.

Mimi ni Muha. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa ya msonge, duara, nyasi zimeshuka mpaka karibu na ardhi, moto katikati. Katika vijiji vipya tulikuwa tunachora za pembe nne, zenye baraza mbele. Nikienda kwa shangazi yangu nawakuta wote wamelala kwenye kibanda cha duara walichokijenga nyuma, na ile nyumba ya ramani yetu imejaa mahindi.

"Mahindi yanaipenda sana," shangazi alisema. "Waambie huko ofisini yanawashukuru."

Nilimwambia Bwana Salehe. Akacheka, akasema watazoea. Nami nikacheka. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na kalamu tatu za wino, ningesema nini?

Mwaka huo, kwenye mtihani, alikuja msichana anaitwa Spesioza. Familia yake ilitoka Burundi, ikapewa mahali pa kukaa Murungu, kule Kibondo. Alikuja kwa lori la mizigo, akalala kwa watawa, asubuhi akawa wa kwanza mlangoni. Mwembamba, miguu mikubwa, kitenge kimoja. Kwa kuwa lugha ya nyumbani kwetu na ya kwao zinaelewana, nilimsalimia kwa Kiha, na uso wake ukafunguka.

"Dada, humu wanafundisha kuchora tu, au na kujenga?"

"Kuchora. Wajenzi ni wengine."

"Sasa anayechora anajuaje kama itasimama?"

Nikamwonyesha kiti.

Mimi ndiye niliyesimamia. Wenzake wakashika rula. Yeye akazitazama zile pembetatu, akazigeuza, akaziweka kando. Kisha akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, mrefu kiasi cha shubiri, akaufunga kwenye penseli, akabana ncha nyingine kwa kidole katikati ya karatasi. Akazungusha mara moja, akakandamiza kwa nguvu. Duara safi. Mimi nilikuwa nayanakili ya Bwana Salehe, najua duara safi.

Kijana aliyekaa jirani yake, mtoto wa mwenye duka, akachungulia. "Dada msimamizi, mwenzetu anachora sufuria."

Wakacheka. Spesioza hakuinua kichwa. "Sufuria ya kwenu ina mlango?" akasema, na kuweka mlango.

Nikamwinamia kwa sauti ndogo nikamuuliza nani alimfundisha kutumia uzi. Akaniambia babu yake alikuwa mjenzi, hakujaliwa wajukuu wa kiume, hivyo yeye ndiye aliyeshika kamba. Unachomeka kijiti, unafunga kamba, unazunguka. Kamba hiyo hiyo ndiyo inayokupa urefu wa fito. Alichora moto katikati, akachora kitanda, mahali pa mbuzi, na kijia cha moshi kati ya nyasi. Saa ilipokwisha alikuwa bado anaandika majina ya miti pembeni.

Nilikusanya karatasi ili nizipange kwa namba, Bwana Salehe azisahihishe kesho yake. Nilibaki peke yangu nazo. Nilijua ya Spesioza itapata nini. Miaka iliyotangulia nilishaona karatasi za duara. Bwana Salehe aliandika juu yake kwa wino mwekundu, Hii si nyumba, na kuendelea na inayofuata.

Ndipo nikafanya nililofanya. Nichukulieni jinsi nilivyokuwa. Moyo wangu ulikuwa laini, na nilidhani moyo ukiwa laini mkono hauwezi kukosea. Nikachukua raba. Nikaifuta nyumba yake taratibu, duara, moto, mbuzi, majina ya miti. Mahali pake nikamchorea ya pembe nne, baraza mbele, madirisha mawili, paa la bati. Nilijaribu hata kuiga mkono wake. Nikapuliza vumbi la raba, nikairudisha kwenye fungu. Nilirudi nyumbani naimba.

Baada ya siku mbili waliofaulu waliitwa mmoja mmoja mbele ya Bwana Salehe kwa maswali ya mdomo. Spesioza alikuwa miongoni mwao. Mimi nilikaa kwenye meza yangu, hatua nne kutoka pale, kalamu mkononi.

"Karibu, binti. Umechora vizuri. Hebu nieleze, baraza hili umeliweka upande huu kwa sababu gani?"

Akaitazama karatasi. Akaitazama muda mrefu.

"Huu si mchoro wako?" Bwana Salehe aliuliza.

"Jina ni langu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, anakiweka neno kwa neno. "Nyumba si yangu."

"Nani kakuchorea?"

Hapo akanigeukia. Sijui alijua au alibahatisha. Nafikiri alijua, maana karatasi zote zilipita kwangu. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, wanangu, nafasi pana kama mlango wa kanisa. Nikainama nikaanza kunakili ngazi za ghala.

"Sijui, baba," akasema.

"Basi huyo usiyemjua ndiye aliyefaulu, si wewe. Nenda nyumbani." Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu wa haki, na kwa alichokuwa anakiona, alikuwa amekamata udanganyifu.

Spesioza alisimama, akaomba arudishiwe karatasi yake. Akaambiwa karatasi za mtihani hazitolewi. Akapita mbele ya meza yangu bila kuniangalia. Alikuwa bado na ule uzi, amejizungushia kidoleni.

Nilikaa nalo moyoni siku tisa. Sikulala vizuri wala sikula vizuri, lakini hilo halimsaidii mtu. Siku ya kumi nilisimama mbele ya meza ya Bwana Salehe, nikasema yote bila kupumzika, nikaweka raba mezani kama mtu anayesalimisha kisu.

Yeye alifungua fungu la karatasi, akatoa ile, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Nikaona alichokuwa anakiona. Penseli ilikuwa imetoka, lakini Spesioza alikuwa amekandamiza, na karatasi ilishika alama. Duara lote lilikuwepo, chini ya baraza langu na bati langu. Hata moto ulikuwepo.

"Alitumia nini? Bikari iko kwangu."

"Uzi, bwana. Wa pindo la kitenge."

"Uzi." Akaishusha karatasi. "Kama ungeniachia, ningeandika kwamba hii si nyumba."

"Ndiyo, bwana."

"Mimi ningemnyima alama, bibie. Wewe umemnyima na kauli."

Nikaanza kulia. Akaniambia nikalie nje, karatasi za watu zisilowe.

Kwa mwezi mzima hakunigusisha kalamu. Nilipanga majalada, nilichemsha chai ya tangawizi. Kisha Jumatatu moja akasema gari linakwenda Kibondo kukagua ghala, na mimi nitakwenda naye, maana lugha ya huko hajui.

Tulifika Murungu mvua ikianza. Tukaulizia familia ya Spesioza, tukapelekwa kwa mama mmoja wa Kiha aliyekuwa jirani yao. Alitutazama sana, mimi, kofia ya Bwana Salehe, gari.

"Mmechelewa," akasema. "Walipakiwa kwenye malori wiki iliyopita. Wale wote waliotoka Burundi wamepelekwa kwenye makazi yao mapya, mkoa mwingine. Msichana alinipa kuku wake."

"Mkoa gani?" Bwana Salehe aliuliza, nami nikatafsiri.

"Mwenye gari ni yeye, ananiuliza mimi."

Hiyo sikuitafsiri.

Nyumba yao ilikuwa pale, hatua chache, mlango wazi. Spesioza ndiye aliyeizungushia kamba, mama yule alisema, babu yake akiwa amekaa juu ya gogo anamkosoa. Mvua ikawa kubwa tukaingia. Bwana Salehe, kwa urefu ule, ilibidi aingie kwa magoti, na kofia yake ikabaki nje kwenye nyasi. Tukakaa. Ilikuwa joto, na ijapokuwa moto ulizimwa siku nyingi, harufu yake ilikuwepo. Nje mvua ilikuwa inapiga kama imetumwa, ndani hakikudondoka kitu. Alipapasa fito zilivyopindwa na kufungwa, moja baada ya nyingine, kama daktari anayehesabu mbavu.

Mvua ilipopungua akatoa utepe wake wa chuma, akaanza kupima. Utepe ule haupindi. Akajaribu huku na huku mpaka yule mama akachoka kutazama, akaenda kwake akarudi na kamba na kijiti.

"Mwambie asipime ukuta," akaniambia. "Hakuna ukuta. Apime kutoka motoni."

Nikatafsiri. Bwana Salehe akapokea kamba kwa mikono miwili. "Mwambie hivi: ahsante, mwalimu," akasema. Nikamwambia hivyo hivyo, naye akacheka mpaka akajishika ubavu.

Njiani kurudi Kasulu, karibu na mji, aliniuliza kama kuna karatasi nyingine za duara za miaka ya nyuma. Nikamwambia zilichomwa, kama desturi. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

Mwaka uliofuata swali lilibadilika. Chora nyumba unayolala, ueleze inavyojengwa. Asiyeweza kueleza kwa Kiswahili anaeleza kwa Kiha, nami natafsiri. Bikari ilitoka kwenye droo, na kando yake kuliwekwa uzi na vijiti vya kutosha kila mtu. Vijana wa vijijini wakaanza kuingia, kwanza wawili, kisha wengine. Msidhani ilikuwa rahisi. Wazazi wengine wa mjini walilalamika kwamba darasa limekuwa la vibanda. Na vijana wenyewe, wengine waliotoka kwenye msonge, walituchorea baraza na bati kwa kuogopa. Ilibidi niwaulize polepole: hapa ndipo ulipolala jana, kweli? Kazi hiyo niliifanya mpaka nastaafu, na naona ndiyo kazi yangu hasa, ingawa kwenye barua yangu ya kustaafu wameandika mnakili.

Tulimwandikia Spesioza. Bwana Salehe aliandika kwa mkono wake, kwamba nafasi yake ipo, na kwamba kosa lilikuwa la ofisi. Hakunitaja. Nikaomba anitaje, nikaongeza mistari yangu chini kwa Kiha. Barua ilipelekwa kwa anwani ya makazi mapya. Haikurudi, wala haikujibiwa. Nimeuliza kwa miaka mingi, kwa kila aliyepita huko. Wasichana wenye jina hilo ni wengi. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kama alichora tena, na ninyi msiende mkajitungia mwisho mzuri kwa niaba yangu.

Ila kabla ya mtihani ule mpya, Bwana Salehe aliketi na vipimo vya Murungu akachora nyumba ile kwa penseli, kwa juu na kwa ubavu, fito zote, ili iwe ramani ya kufundishia. Akaileta mezani kwangu, akanirudishia kalamu zangu tatu. Niliinakili kwa siku nne. Sikukwangua hata mara moja.

Kila ramani, kwenye kona ya chini kulia, ina kisanduku chenye mistari mitatu: aliyechora, aliyenakili, aliyekagua. Desturi yetu ilikuwa moja. Kwenye mstari wa kwanza naandika Salehe, wa pili naacha kitone, maana mnakili hakuwa mtu wa kutajwa, wa tatu anaweka sahihi yeye. Ilikuwa adhuhuri, Bwana Salehe amekwenda kuswali, chumba kitupu. Nilichovya kalamu nyembamba kuliko zote. Kwenye aliyechora nikaandika, kwa herufi zangu bora, Spesioza, Murungu. Kwenye aliyenakili nikaandika Melania, jina langu zima. Kisha nikakaa na mikono mapajani, nikangoja wino ukauke.